Kaka Husseini Amepimwa

Chovai, mwezi wa Rajabu, 1356

Kwa ndugu yangu mpenzi, Barke binti Famau, Lamu.

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.

Nakuandikia nikiwa mzima wa afya, ila macho yananilazimisha kuishika karatasi mbali, kama mtu anayeogopa itamng'ata. Wewe je, hujambo? Mahmudi kifua chake kimetulia? Na mwanao Mwanaharusi, niliyemwacha akiota meno, nasikia sasa yeye mwenyewe ana mtoto. Mpe hongera zangu, na pole pia, maana vyote viwili humfaa mzazi. Mkebe wa halua nimeupata kwa mkono wa nahodha wa Kiunga. Ulifika umefunguliwa, na nahodha alikuwa na uso wa mtu asiyejua lolote. Allah amsamehe, kilichobaki kilinitosha.

Utashangaa kuona barua imeandikwa Chovai wala si Kismayu. Nitakueleza, nawe unanijua nikianza kueleza. Nakuomba usiruke mistari kutafuta habari ya kaka yetu. Ipo, na nitaifikia, lakini haieleweki mpaka kwanza uwajue wageni waliotufikia.

Serikali ya Wataliani imewaleta wanavyuoni kutoka kwao waje kuvichunguza visiwa vyetu. Huko Kismayu walitafuta mkalimani, wakaambiwa yuko mwalimu mzee aliyesoma Lamu na anayekijua Kitaliani, basi nikapandishwa nao mashua ya injini. Nilidhani wote ni wa elimu moja. Kumbe kila mmoja ana yake, na ya mwenzake haigusi, kama tulivyokuwa Lamu, huyu wa nahau, yule wa falaki, na yule wa mirathi ambaye akiona watu watatu wamekaa pamoja anaanza kuwagawanyia urithi.

Wa kwanza ni mzee wa pua nyekundu, elimu yake ni viumbe vya baharini. Hununua samaki wale ambao sisi huwatupa, akawatia katika chupa zenye maji makali ili wasioze. Bi Mwanalima, jirani yetu, alimtazama siku nzima, mwisho akaniuliza kama achari ya bunju, samaki mwenye sumu, huliwa na mkate au na wali. Siku wavuvi walipomwonyesha taza, yule samaki wa kunata kichwani, jinsi anavyofungwa kamba mkiani na kutumwa kumnata kasa, mzee yule alipiga makofi mtumbwini hata karibu auzamishe.

Wa pili ni wa mawe. Anatembea ufukweni na nyundo, akatuambia kisiwa hiki zamani kilikuwa chini ya maji na kilikuwa hai, matumbawe matupu. Nasrudin, unamkumbuka, yule wa nyumba ya mnazi ulioinama, alimjibu kwamba hilo si geni, kwani kila mwaka bahari inakuja kudai kilicho chake. Wa tatu ni wa mbu na homa, anachungulia mitungi ya watu kuliko mume mwenye wivu. Wa nne ni kijana wa maneno. Akisikia tunasema mchu badala ya mtu, hufurahi kama aliyeokota lulu. Wanawake wawili waligombana kisimani, naye akawasihi kupitia kwangu wagombane tena polepole apate kuandika. Waligombana tena, dada, na mara ya pili walikuja na matusi mazuri zaidi.

Wa tano ni mama mmoja mrefu, mpole, na elimu yake ni watu wanavyoishi: nani humwoa nani, nani hurithi, nani huketi wapi katika harusi. Wa sita nitakuja kwake.

Jioni wanapoketi pamoja na kubishana, mimi huwasikiliza, na moyo wangu hurudi kwenye banda la baba. Unakumbuka wazee walivyokusanyika pale jahazi likijengwa? Mmoja akizungumza nyota, mmoja aina za mikoko, mmoja nasaba za watu mpaka Adamu, na baba katikati, misumari mdomoni, akimtikisia kila mmoja kichwa. Sisi watatu tuliketi chini ya ubavu wa chombo tukiokota vipande vya mbao. Hakuna aliyetufukuza. Hata leo nikinusa harufu ya mbao mbichi, nakuwa mtoto wa Chovai tena, nina dada na nina kaka, na hakuna aliyeapa lolote.

Sasa nafika kwa kaka. Yule mama mrefu alikwenda nyumbani kwake kuandika ukoo wetu, nami nikifasiri. Akamwuliza kwa baba yenu mlizaliwa wangapi. Kaka akasema wawili, yeye na mimi. Nikafasiri alivyosema, kwa kuwa kazi ya mkalimani ni hiyo.

Wewe unakijua kiapo chake kuliko yeyote. Tangu zama za Waingereza, ulipomkataa fundi mwenziwe aliyekuchagulia na kadhi wa Kismayu akakuoza Mahmudi, kaka aliapa mbele ya watu kwamba mguu wako hautaikanyaga nyumba yake maadamu yeye yu hai. Hajakutaja kwa jina tangu hapo. Mimi nimekuja Chovai kila Idi, nimejaribu kwa upole na kwa ukali, na kila nilipoanza aliinua tezo na kuchonga, hata pasipo na cha kuchonga.

Basi yule wa sita. Huyu elimu yake ni miili ya watu. Ana mkasi mkubwa wa chuma usiokata, wa kubania kichwa na kujua upana wake, na fimbo ya chuma yenye alama. Anataka kujua kwa kichwa cha mtu asili yake imetoka wapi. Mimi nilimwambia angeweza kuuliza tu, tungemwambia. Akacheka, akasema watu husema uongo lakini mifupa haisemi. Sikuona jibu hilo limetulia, lakini nikamwachia.

Siku ya kupima watu mimi nilikuwa upande wa pili wa kisiwa na kijana wa maneno, na aliyefasiri alikuwa askari mmoja asiye wa huku. Ikafika zamu ya kaka. Unajua alivyo, mgongo umepinda kwa miaka ya kuinamia mbao, hawezi kusimama wima ukutani. Mtaliani akafikiri, akamwambia alale mkekani. Akamnyoosha miguu, akaiweka mikono yake ubavuni, akalaza ile fimbo kutoka utosini mpaka unyayoni. Na mkeka, kwa bahati, ulikuwa umeelekea kibla.

Wewe umekua hapa, sina haja ya kukukumbusha ni nani anayepimwa kisiwani petu akiwa amelazwa. Ufito hukatwa sawa na urefu wa maiti, ukapelekwa kwa wachimba kaburi. Mama zetu hawakukubali hata mtoto ajipime na mwenziwe kwa kamba. Wanawake waliokuwa pale walisema inna lillahi kwa sauti moja. Kaka akainuka, akajipangusa mchanga, akaacha tezo lake palepale, akaenda nyumbani na kumwambia mkewe Mwanatumu amwekee maji ya kuoga.

Niliporudi nilimkuta amelala kitandani amevaa kanzu ya Ijumaa, watu wamejaa mpaka uani. Alikuwa ameshamgawia Sheikhan, mwanawe, vyombo vya kazi, na ameshamwomba radhi Mwanatumu kwa ukali wa miaka yote. Mwanatumu alimjibu kwamba radhi anampa, ila angeiomba zamani wangeifaidi wote wawili. Akaja Nasrudin, analia kikweli, akasema hawezi kumwacha ndugu yake aende na dhana, basi akiri: ile nanga iliyopotea, yeye ndiye aliyeichukua. Hapo kaka alisahau kuwa anakufa. Aliketi kitako akauliza, nanga yangu ya ncha nne? Nasrudin akasema ndiyo. Kaka akamwambia, mwizi mkubwa we, nilimshuku shemeji yangu, kakaye Mwanatumu, bure mpaka akahama kisiwa! Kisha akakumbuka, akajilaza, akasema kwa sauti nyembamba kwamba amemsamehe, lakini nanga irudi.

Watu walipotoka alinishika mkono. Akaniambia nende kwa yule mama wa nasaba, nimwambie kwamba hesabu aliyompa ina upungufu. Watoto wa Famau ni watatu. Wa mwisho ni Barke. Barke, hilo ni jina lako, limetoka kinywani mwake na mimi nimelisikia kwa masikio yangu haya. Nilikwenda mbio, mzee mzima, kilemba kikaangukia mchangani. Yule mama aliandika jina lako chini ya langu, akaniuliza mbona nalia. Nikamwambia ni moshi.

Kesho yake kaka akaniagiza: mwandikie Barke kwamba kaka yako amepimwa, aje. Usiongeze neno.

Hapo ndipo ningeweza kuikomesha barua hii, na ndivyo alivyotaka. Lakini wewe ni ndugu yangu na siwezi kukupandisha chomboni na moyo uliopasuka. Ukweli ni huu. Mimi, kama unijuavyo, sikuweza kukaa bila kueleza. Nilifunga mlango, nikaketi kitandani pake, nikamweleza tangu mwanzo: kwamba kipimo kile ni cha elimu tu, kwamba Kismayu wamepimwa watu mwaka jana na wote wanaendelea kudaiana sokoni, kwamba hata huyo Nasrudin alipimwa kichwa na hakikupungua kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, umemaliza, mwalimu? Nikasema nimemaliza. Akasema, mimi nimelijua hilo tangu jioni ile ile, nilimwuliza askari.

Nikamwuliza basi amelalia nini. Akageukia ukutani, akaniambia kwamba pale mkekani, kwa muda ule aliodhani kweli amekwisha, hakumwona mkewe wala wanawe. Alikuona wewe, mdogo, umekaa karibu na baba unamsokotea pamba ya kuzibia mbao, mikono imejaa sifa, yale mafuta ya papa, unamwita yeye akunuse. Akasema, mchu mzima akimwita dada yake baada ya miaka yote hii, ataulizwa kwa nini leo, na kwa nini si jana, nami sina jibu. Mchu anayekufa haulizwi. Niache nilale, Ishaq. Nikilala naweza.

Haumwi popote, Barke. Anakula samaki mzima mlango ukifungwa.

Sikuafiki hila ile, na nilikuwa nimeamua kumkatalia. Lakini Alhamisi akaniuliza, akitazama boriti za dari kama asiyejali, iwapo wale maskini kumi wanaolishwa kwa kafara ya kiapo ni lazima wawe watu wazima, au mtoto mwenye kula sana naye huhesabiwa. Nilimfafanulia masharti yote, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakunikatiza. Ijumaa Mwanatumu alipika wali na samaki. Watu waliambiwa ni sadaka ya mgonjwa. Mimi nilisimama mlangoni nikawahesabu: walikuwa kumi. Na kaka kutoka kitandani akaniita, akaniambia kwa siri nitafute na wa kumi na moja, asije akawa mmojawapo si maskini wa kweli.

Basi kiapo hakipo tena. Kilichobaki ni aibu ya mzee mmoja, na aibu haina kafara katika kitabu chochote nilichosoma, wala hakuna hata mmoja katika wanavyuoni hawa sita aliyeletwa kuichunguza. Nahodha anayekuletea barua hii atangoja mzigo wake hapo Lamu, kisha anarudi huku, na nimekwisha mwambia akuwekee nafasi. Njoo. Ukiingia usimwulize hali kwa kina, wala usimtazame tumbo. Kaa kando ya kitanda, umpe mkono, umwache aseme atakaloweza kusema.

Mwanatumu anakusalimu sana, na anakuomba ufanye haraka, kwani kumficha maiti mwenye njaa ni kazi inayomchosha. Sheikhan anaubusu mkono wako. Bi Mwanalima anauliza kama bado unaimba. Mimi nawasalimu Mahmudi, Mwanaharusi na mjukuu wetu ambaye sijui jina lake; niandikie. Tunamwomba Mola akufikishe salama. Njoo umlilie kaka yako, dada, angali anasikia.

Wako ndugu yako,
Ishaq bin Famau