Ukuta wa Vinundu

Alhamisi, Igoma

Ule ukuta wa meza ya kasino! Kumbe wote ni mpira wenye vinundu, kama ulimi wa ng'ombe.

Miezi minne nimerusha dadu kwenye meza niliyoiunda mwenyewe karakanani. Ukingo wake niliupiga randa mpaka ukateleza. Dadu zilikuwa zinaugusa taratibu na kulala palepale, na jumla ya saba, ile inayoua dau, haitoki. Kwenye isolo, bao letu la Kisukuma, hakuna wa kunifunga mtaa huu, nikadhani dadu nazo zinautii mkono kama kete za bao.

Leo mchana kasino nimezipanga vizuri, nikazirusha polepole. Dada wa mezani akazirudisha. "Baba, lazima zigonge ukuta wa nyuma."

Nikarusha tena. Zikagonga vinundu, kila moja ikaruka na njia yake. Saba. Nimeliwa.

Hela ya mbao za mabenchi ya kanisa imebaki yote pale. Jumapili nitamtazamaje mzee wa kanisa aliyenikabidhi kwa mikono miwili?

Na bado, Mungu anisamehe, tangu nirudi nawaza ni duka gani hapa Igoma linauza mpira wa vinundu. Nikifanya mazoezi kwenye ukuta kama ule, labda...

Mke wangu nilimdanganya kwamba ile meza ni ya mteja. Jioni kaniuliza mteja anaichukua lini.

"Haji tena," nikamjibu.

"Basi iingize ndani, Baba Kulwa. Mimi na watoto tupate pa kulia."

Alimaanisha chakula.