Mama, Ukuta Wako Nimeuvunja

Mama,

Tulia kwanza, maana najua ukisikia hili utashika kiuno. Ukuta wako umevunjwa. Ule wa matofali ya kuchoma, uliojenga kwa pesa za ndagala, ukiuza na kuuza mpaka mikono ikanuka samaki hata siku ya Pasaka. Na aliyeanza kuuvunja ni mi, mtoto wako mwenyewe. Usikasirike bado. Ngoja nikueleze toka mwanzo, kama ulivyopenda kuelezwa, bila kurukaruka.

Tulipokuzika, avenyi yetu, mtaa mzima hapa Cibitoke, ilipoa. Mzee Silivesta, jirani wa ng'ambo ya njia, alikuja kutupa pole, akanywa chai, halafu akasema lililokuwa moyoni mwa wengi: ikibiri ya mama yenu imekwenda naye. Akaongeza kwamba sasa wale waliokimbia mafuriko ya Gatumba watafute pengine pa kukaa, maana vibanda vyao viko palepale maji yanapopita kwenda korongoni. Nilimuongezea chai kwa sababu ya adabu. Moyoni nilitamani kummwagia.

Ikibiri uliitoa kwenu mlimani: leo tunalima kwako, kesho kwangu, na hakuna anayelipwa. Hapa mjini walikucheka. Nani ana shamba mjini? Ukawajibu kwamba shamba letu ni mfereji. Mvua za siku hizi si zile ulizokulia, zinakawia mpaka watu wanasahau, halafu zinashuka zote pamoja. Basi kila Jumamosi mchana tukawa tunachimba mbele ya nyumba ya mmoja, wiki nyingine mbele ya mwingine, mpaka avenyi nzima ikawa na njia ya maji.

Na wageni walipofika, ukawa na desturi yako. Siku mbili chakula, siku ya tatu jembe jipya, mpini umeulainisha mwenyewe kwa kipande cha chupa. Kila mtu anaujua ule msemo, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na wengi wanautumia kumwambia mtu kwamba amechosha. We uliusikia tofauti. Tulipokimbilia Kigoma, mi bado niko mgongoni, mama mmoja wa kule alikupa jembe siku ya tatu na kukuonyesha pa kulima, na ukalia. Ulikuwa unatuambia, "Mutu hapewi jembe kama hatakiwi. Asiyetakiwa anapewa nauli."

Ila Mama, ile siku ya Baba Neema. Walikuwa wametoka Gatumba, maji ya mto Rusizi yakiwa yameingia upande mmoja wa nyumba na ya ziwa upande mwingine, wamebaki na magodoro na mbuzi. Siku ya tatu ukaenda kwao moja kwa moja kutoka harusini, umejifunga imvutano yako ya sherehe, jembe jipya mkononi, na kaka Dezire nyuma yako na shati jeupe. Binti yao Neema yuko mlangoni anachambua maharage. Baba wa watu akaangalia mama aliyevaa kisherehe, akaangalia kijana, akaangalia jembe. Kwetu jembe ni mahari toka enzi za mababu. Akaomba uletewe kiti, akasema kwa heshima kubwa kwamba binti bado anasoma, lakini hawezi kukataa papo hapo, kwa jinsi mlivyompokea. Dezire alitafuta pa kuingia kwa aibu. Ukasema, "Apana, baba, apana. Hii si ya posa, hii ni ya mufereji." Neema ndiye aliyecheka wa kwanza, akacheka mpaka maharage yakamwagika, na Jumamosi ile familia nzima ilikuwa mferejini pamoja nasi.

Hao ndio Mzee Silivesta alitaka waende. Na mi nilimuongezea chai, kwa sababu sikuwa na mdomo wako.

Bon. Sasa mvua.

Ilishuka mchana, niko sokoni na ndagala zako. Ni zangu sasa, lakini wateja bado wananiita kwa jina lako na siwasahihishi. Niliona milima ya juu imekuwa myeusi, nikafunika meza, nikarudi mbio. Nilipofika, mfereji ulikuwa umejaa mpaka mdomoni lakini unafanya kazi, na nyumba za juu zote zilikuwa kavu. Tatizo lilikuwa mwisho wa avenyi, pale mfereji unapokata kona kuizunguka lupango yetu, huu ua wa nyumba, ili ufike korongoni. Kona ile we mwenyewe uliikubali, kwa sababu ukuta ulikuwa umetangulia. Maji ya zamani yalikuwa yanakata kona. Haya ya sasa hayana adabu hiyo. Yaligonga ukuta, yakarudi nyuma, yakaanza kupanda kwenye vibanda vya watu wa Gatumba.

Watu wote walikuwa pale na majembe yao, na wote waliliona jibu. Ukuta uanguke. Tulikuwa bado hatujaganduka, matanga yako hayajaondolewa, na nani atawaambia wenye msiba wabomoe kitu cha marehemu? Baba Neema alikuwa amesimama ndani ya maji, godoro kichwani. Aliniangalia, kisha akaangalia chini. Yule mtu alikuwa tayari kupoteza nyumba mara ya pili kuliko kuniomba ukuta wako. Nilipandwa na hasira, Mama. Sijui kama ni juu yake, au juu ya yale matofali, au juu yako kwa kutokuwepo.

Nikachukua jembe mkononi mwa Dezire. Pigo la kwanza lilinirudi begani. Nikasema kwa sauti, ili wote wasikie, "Mama, unisamehe," nikapiga tena. Akaja Dezire. Akaja Baba Neema. Halafu, utakataa kuamini, akaja Mzee Silivesta na nyundo yake kubwa, suruali imekunjwa magotini, anagomba kwamba Mama Dezire alijenga kama anajengea benki. Ujue ukuta wako ulitusumbua. Nilikuwa naupiga huku najivunia ulivyokuwa mgumu.

Ulipoanguka, maji yalikatiza katikati ya lupango, yakabeba mboga zako za lengalenga, banda la kuku na beseni ya kufulia, yakaenda zake korongoni. Kuku tuliwaokoa. Vibandani maji yalifika magotini, yakasita, yakaanza kushuka. Hakuna aliyekufa, na hakuna aliyehama. Jioni Mama Neema alipika kwenye jiko letu chakula cha watu wote, na Mzee Silivesta alikaa karibu na Baba Neema akimuuliza habari za Gatumba, jambo ambalo hakuwahi kuuliza toka wafike.

Ikibiri haikuenda nawe. Imekuwa kubwa mpaka inanichosha. Hivi karibuni kuna watu wamevuka kutoka upande wa Uvira, wamepanga nyumba kule juu, na unajua nani aliwapelekea jembe siku ya tatu? Mzee Silivesta. Alikuja kwanza kuniuliza kama pale kuna binti, asije akaingia kwenye matatizo. Alinikataza kumwambia mtu yeyote. Nakuambia we kwa sababu hutamsema.

Siku ya kuganduka walikuja wote, na nyuma yao mkokoteni umejaa matofali mapya. Walitaka kukujengea ukuta wako upya, kama zawadi. Dezire alilia. Mi nilikataa, na wengine walinong'ona kwamba nina kichwa kigumu, jambo ambalo si uongo na wanajua nimelitoa wapi. Niliwaambia matofali yajengee mfereji, unyooke, upite ndani ya lupango yetu pale maji yalipojichagulia njia. Tulifanya hivyo. Wanakuja watu wa avenyi nyingine kuuangalia, nami nawaeleza kama mwalimu, kidole kimenyooka. Ningependa uuone, Mama. Apana, nasema uongo. Ningependa uje uukosoe.

Kuna jambo moja tu. Pale ukuta ulipokuwa pamekuwa njia ya mkato. Watu wanapita kwenda dukani, na kwa kuwa hakuna mlango wa kugonga, wanasimama kidogo kwenye pengo na kusema, "Hodi, Mama Dezire." Wanakuita we. Hata wale wa Uvira ambao hawakukukuta, wamesikia wengine wakisema, nao wanasema. Mwanzoni nilikuwa najificha jikoni, nao wanapita wakidhani hakuna mtu nyumbani.

Pumzika, Mama. Mungu akushike vizuri kuliko tulivyoweza sisi. Nakuahidi ukuta ule hautasimama tena nikiwa hai, na yeyote atakayepiga hodi kwa jina lako, nitamuitikia karibu.

Kadogo wako