Waya Kwenye Njia ya Kijito

Jumanne, 4 Machi

Wamekuja tena. Safari hii wamekata uzio upande wa kijito, nyaya nne zote, kwa koleo. Mkato safi kabisa. Nyayo za mbwa zimejaa tele kwenye matope. Pikipiki mbili, labda tatu.

Kibao changu wameking'oa. Kile nilichokiandika kwa mkono wangu, rangi nyekundu: SHAMBA LA MTU. HAKUNA KUWINDA. Nimekikuta kimelazwa juu ya mawe, kimejaa damu na manyoya. Wamekifanya ubao wa kuchunia. Wamechuna mnyama wangu juu ya maneno yangu mwenyewe.

Mwanangu amepiga simu jioni, nikamsimulia. Anasema, Mama, uza hilo pori uje mjini, siku hizi unaongea na paa kuliko wajukuu zako. Nikamwambia paa hawanipigii simu kunipangia maisha. Tukacheka wote wawili.

Marehemu mume wangu aliliacha pori hili lilivyo, ekari zote zile kuanzia kijitoni. Alisema ng'ombe wanatosha upande wa juu, huku chini tuwaachie wenyewe. Wenyewe, yaani pongo, paa, kanga. Na mimi nimewaachia.

Ijumaa, 7 Machi

Pongo jike, mguu wa nyuma kwenye mtego. Waya umekata hadi mfupa. Nadhani alikaa pale tangu juzi, maana ardhi yote aliichimba kwa kwato, duara zima kama kinu. Alikuwa hai. Na alikuwa na mimba.

Nilikuwa muuguzi miaka thelathini na moja, zaidi ya nusu yake kwenye chumba cha kujifungulia. Nikaweka mkono tumboni mwake bila kufikiri, kama nilivyozoea. Mtoto alicheza.

Nilifanya kilichobidi kufanywa, kwa kisu cha kukatia majani. Sitaki kuandika zaidi ya hapo.

Nimezunguka pori lote hadi jua limekuwa kali. Nimefungua mitego kumi na tisa. Yote ni waya za breki za baiskeli. Sasa nani hapa kwetu ana waya za breki za kugawa? Kila mtu anajua. Fundi Pancha pale njia panda. Nilipita mbele ya kibanda chake wakati wa kurudi, nimebeba mitego yake kwenye kiroba begani. Akaniamkia vizuri tu, shikamoo Sista, ng'ombe hawajambo? Nikaitikia marahaba, hawajambo. Mimi ndiye niliyemzalisha mkewe, watoto wote wawili.

Nikaenda kituoni. Sajini anasema, Sista, tunajua, lakini kujua si kukamata. Umkute mtu na mnyama mkononi ndipo uje.

Nimkute mtu. Mimi, na magoti haya.

Jumamosi, 8 Machi

Wanakuja Jumapili alfajiri. Kila Jumapili, nimewasoma. Wanateremka na pikipiki zao kwenye njia ya kijito, taa wamezima, mbwa mbele.

Leo jioni nimeunga waya tatu za mitego yao wenyewe ukawa mmoja, nikaufunga kukatiza njia, mti hadi mti, pale mteremko unapokaza. Nimepima urefu kwa kifua cha mtu aliyekaa kwenye pikipiki. Nimekaza vizuri. Wa mbele akiangushwa, wa nyuma atamvaa. Waanguke tu. Wavunjike kiburi, na mkono ikibidi. Nitawasikia nikiwa kitandani, nitakwenda na tochi na simu, nitamwita Sajini, huyo hapo, nimemkuta.

Asubuhi mapema nitautoa.

Nimeoga, nimekula, najisikia mwepesi. Siku nyingi sijajisikia hivi.

Jumapili, 9 Machi

Hawakuja.

Mvua ilinyesha tangu alfajiri, mvua ya kuziba masikio. Nikasema hakuna mtu atakayetoka leo. Nikarudi kulala. Nikarudi kulala!

Ni Kengele. Si wao. Ni Kengele.

Jumatatu, 10 Machi

Naandika vizuri leo, kwa mpangilio, kama ripoti ya zamu.

Kengele ni mchukua maziwa wetu. Ana baiskeli, madumu mawili nyuma, na domo ambalo halijawahi kufungwa. Anapiga kengele tangu kule juu barabarani na bado anaita: maziwaaa, wenye maziwaaa, amkeni mmekuwa matajiri? Miaka saba ananiamsha hivyo.

Jana mvua ilikata barabara kwenye daraja dogo. Akapita kwangu, njia ya kijito. Hakuwa amevamia. Ni mimi niliyemwambia, mwaka jana, barabara ikiharibika pita kwangu baba, usizunguke. Nilisema kwa mdomo wangu nikasahau.

Saa moja na nusu nilisikia kengele ikija kwa chini badala ya juu. Nikakaa kitandani. Nikaelewa kabla haijanyamaza. Kisha ikanyamaza.

Nilikimbia na gauni la kulalia, simu mkononi. Nilimkuta chali, maziwa yote yamemwagika matopeni, gurudumu bado linazunguka. Kifua cha mwenye pikipiki ni shingo ya mwenye baiskeli aliyeinama mteremkoni. Hilo sikulipima.

Mstari mwekundu mbele ya koo. Damu si nyingi. Nilipogusa ngozi ya shingo ilikwaruza chini ya vidole, hewa imeingia chini ya ngozi, nikajua bomba la hewa limepasuka. Alikuwa anavuta pumzi kwa sauti ya filimbi. Midomo inaanza kuwa ya bluu. Nikashika kichwa kisicheze, nikainua taya, nikamwambia pumua polepole, polepole, niangalie mimi. Akaniangalia mimi. Kwa mkono mmoja nikampigia jirani mwenye pikapu.

Saa nzima hadi hospitali nimeshika taya lile, sikuachia. Walimtoboa shingo wakaweka mpira wa kupumulia. Daktari, kijana tu, akaniuliza nani alimhudumia njiani. Nikasema mimi. Akasema, Mama, umemwokoa huyu, dakika tano nyingine tungekuwa tunaongea mengine.

Mke wa Kengele alinikumbatia pale kwenye korido. Analia, anasema Mungu alikuweka pale.

Nilimpigapiga mgongoni kama ninavyowafanyia wafiwa.

Jumatano, 12 Machi

Sajini amekuja na askari wawili. Ameuona waya. Bado ulikuwa umefungwa upande mmoja, sikuwa nimekumbuka hata kuufungua. Ameuangalia muda mrefu. Anasema, mbona juu hivi, walikuwa wanatega twiga? Askari wakacheka. Mimi nikaangalia viatu vyangu.

Kisha akajijibu mwenyewe. Akasema hawa watu wamekuwa hatari, wanafunga waya nyuma yao ili mwenye shamba akiwafukuza akatike. Askari wakatikisa vichwa. Wameingia porini wakapata mitego mingine miwili ambayo sikuiona. Waya ule ule.

Akaniuliza, Sista, ile uliyokusanya iko wapi?

Nikasema niliitupa shimoni, chooni.

Ilikuwa zizini, kwenye msumari, hatua ishirini kutoka tulipokuwa. Kumi na sita. Walipoondoka nikaichukua yote nikaifukia chini ya samadi. Ng'ombe wananitazama. Mwanamke wa umri wangu, anachimba samadi kwa mikono.

Jioni nimesikia wamemkamata Fundi Pancha.

Ijumaa, 14 Machi

Nafsi inanisuta na bado nakula. Hilo ndilo linaloniogopesha. Nakula, nalala kidogo, nakamua, napeleka maziwa mwenyewe. Kila ninapopita watu wanasimama. Dereva wa pikapu amesimulia mahali pote, na ametia chumvi, sasa eti nilimpulizia Kengele pumzi yangu njia nzima. Mwalimu mkuu anataka nije shuleni niwafundishe watoto huduma ya kwanza. Kilemba cha ukoka, nimekivaa na kinanikaa sawasawa.

Mwanangu amepiga. Sauti yake imelainika, anasema Mama najivunia wewe. Nikafungua mdomo nimwambie. Nikamwambia mvua imepungua.

Kibanda cha Fundi Pancha kimefungwa. Mtu ameandika kwa mkaa mlangoni: MUUAJI. Kengele hajafa, lakini mwandishi hakujali. Nilisimama pale. Nilikuwa na leso mfukoni, ningeweza kufuta. Watu walikuwa wanapita.

Jumatatu, 17 Machi

Nimekwenda hospitali. Nilijiambia, leo namwambia yeye kwanza, kabla ya Sajini, kabla ya mtu yeyote. Ni haki yake.

Amekonda. Mpira bado uko shingoni, una kelele kama ya mtu anayekunywa kitu kwa mrija. Daktari ameniita pembeni, kama mwenzake wa kazi, akaniambia mishipa ya sauti imeumia. Ataishi. Kuongea, ataongea kwa kunong'ona labda. Kuita mtu barabarani, asahau.

Nilikaa kitandani kwake. Nikaanza, Kengele, baba, sikiliza. Akainua mkono, nisubiri. Ana daftari dogo na kalamu. Akaandika polepole, ulimi nje kama mtoto wa darasa la kwanza, akanigeuzia.

ASANTE SISTA. NAMWAGA MAZIWA YA WATU HALAFU UNANIOKOA. NITAYALIPA.

Akacheka. Ile filimbi ya shingoni ndiyo iliyocheka.

Na mimi nikacheka. Nikamtengenezea mto. Nikaangalia chati yake. Nikaondoka.

Mkewe alinisindikiza hadi getini. Anasema, Sista, yule mshenzi wamfunge hata miaka kumi. Nikasema, tusubiri sheria. Sauti yangu ilikuwa tulivu sana. Sauti ya zamu ya mchana.

Alhamisi, 20 Machi

Nilifika hadi mlango wa kituo. Sajini akanikaribisha kiti, akanionyesha maelezo aliyokwisha kuandika kwa niaba yangu, bado sahihi tu. "Niliwahi kulalamika kuhusu mtuhumiwa. Nilikuta mitego yake kwenye shamba langu." Kila sentensi ni ya kweli. Nimeyasoma mara tatu natafuta uongo, sikuuona.

Nikauliza, na yeye anasemaje?

Anasema alikana siku tatu za mwanzo, sasa amenyamaza.

Nikasema sikubeba miwani, nitarudi Jumatatu. Miwani ilikuwa usoni. Sajini aliiona, akadhani uzee. Akanishika mkono kunivusha kizingiti.

Nimejaribu kujitetea usiku na mchana. Kwamba wao ndio walioanza. Kwamba yule pongo alichimba duara. Kwamba Fundi Pancha ni mwizi kweli, na waya ni wake kweli, na asingeutega wa kwanza nisingekuwa na wa kuunga. Vyote sawa. Lakini aliyekaza ni nani? Hakuna aliyenishika mkono.

Jumamosi, 22 Machi

Naandika nikiwa jikoni, nimesimama. Mke wa Fundi Pancha yuko sebuleni.

Amekuja kwa miguu, tangu kule njia panda. Nilipofungua mlango akapiga magoti pale pale barazani. Nikamwambia inuka mwanangu, inuka, akakataa. Ilibidi nimwinue kwa makwapa, kama wakati ule wa kumtoa kitandani baada ya mtoto wa pili. Ni mwepesi vile vile.

Anasema watoto hawaendi shule, wenzao wanawaita watoto wa muuaji. Anasema amekuja kuomba msamaha kwa niaba ya mumewe. Nikamuuliza, yeye mwenyewe anasema amefanya?

Akasema hivi, nanukuu nilivyosikia: "Sista, mwanzoni alikataa kabisa. Lakini amekaa mle ndani anafikiri. Anasema wiki ile walikuwa wamelewa, walitega mingi, hajui nusu yake aliifunga wapi. Waya anaujua ni wake. Juzi ameniambia, huenda ni mimi, mke wangu. Huenda ni mimi na sikumbuki."

Halafu akasema mumewe halali. Anamwona Kengele kila akifumba macho. Anataka Jumatatu akubali kosa, yaishe, aanze kulipia. Ila amemtuma aniulize kwanza. Akikubali, mimi nitamsamehe? Maana Sista ndiye aliyemzalisha mke wangu, anasema, yeye akinisamehe nitaweza kufungwa.

Nikasema ngoja niweke maji ya chai.

Maji yamechemka, yamechemka hadi yamepungua nusu. Kutoka hapa naona mgongo wake. Amekaa ukingoni mwa kiti, hataki kuegemea, anaogopa kuchafua kitambaa. Mara mbili ameita, Sista, nije nikusaidie? Mara mbili nimejibu, kaa tu, nakuja.

Nimezima jiko. Vikombe viwili viko kwenye sinia. Sijamimina.

Kiti kimesogea. Nasikia kandambili zake kwenye sakafu, anakuja huku taratibu, anasema polepole kama mtu anayeingia wodini, Sista, unalia? Daftari liko mezani, limefunguka, na mkono wangu haujalifunga na