Vitufe vya Lusubilo

Tunduma, Jumanne

Ndugu yangu Lusubilo,

Salamu nyingi kutoka huku mpakani. Natumaini wewe, shemeji Ruti na watoto mnaamka salama, na kwamba mvua ya mwaka huu haijawaangushia maua ya kahawa. Sisi wazima. Mke wangu Mama Atu alikuwa na kifua wiki mbili, sasa amepona na amerudi kwenye kibanda chake cha vitenge.

Najua utashangaa kupata barua. Simu nimepiga mara tatu hukupokea, na sikulaumu. Miaka kumi na miwili imepita tangu uondoke ofisini kwa mzee Abdulrahim ukiitwa mtu aliyefuta vitufe vya kazi kwenye kompyuta kwa hasira, na nasikia mpaka leo baba mkwe wako akikutaja anasema "yule mharibifu". Ni kuhusu neno hilo naandika. Soma mpaka mwisho, hata kama utaichana baadaye.

Mwezi uliopita mzee Abdulrahim alileta kompyuta mpya zenye Excel ya toleo jipya, akanipa kazi ya kuhamisha lile faili letu la malori. Kazi yenyewe naiweza, sitajishusha. Baadhi ya amri zinazoliendesha ziligoma, maana kompyuta hizi zinataka uongeze neno hapa na pale kwenye mistari yake ya juu. Nikakaa nazo siku mbili, moja baada ya nyingine, mpaka orodha ya foleni ikajipanga kama zamani na karatasi ya dereva ikatoka. Madereva waliokuwa wanasubiri dirishani wakatupigia makofi ya kejeli, wakauliza kama sasa tumeamka.

Tuna binti mpya hapa, Ikram, katokea Tanga. Mdadisi kweli. Siku ya tatu alikuwa anabonyeza kila kilichopo juu ya skrini, akafika kwenye kichupo, yaani tab, cha mwisho kabisa kulia, kile cha nyongeza ambacho hakuna mtu anakigusa. Akaniita, akasema kaka Osea, huku kuna mstari mwingine wa vitufe, na nani kachora lori bovu namna hii, lina matairi matatu. Mzee alikuwa nyuma yake na kikombe cha chai. Akalitambua lile lori ulilochora wewe. Unakumbuka alivyokuwa anakutania nalo, nawe unamjibu kwamba tairi la nne limeshikiliwa na forodha ng'ambo, Nakonde.

Akaiweka chai mezani, akaniambia taratibu, "Osea, vitufe hivi si ndivyo alivyofuta Lusubilo?"

Uongo nilikuwa nao tayari mdomoni. Ningesema nimevirudisha mimi, naye angeamini, kwa sababu miaka yote hii ameniamini. Nikashindwa. Nilimwambia ukweli mbele ya Ikram, na sasa nakuambia wewe.

Hukufuta kitu. Wiki ile ulipokuwa Igamba kuvuna kahawa, umeondoka mmetoka kubishana na mzee kuhusu ruhusa, ndiyo wiki tuliyobadilishiwa kompyuta mara ya kwanza. Toleo la wakati ule halikuwa na nafasi ya mistari ya vitufe vya zamani pale juu, likaisukuma yote kwenye kichupo kile cha mwisho. Tukafungua faili tukaona patupu, mzee akasema Lusubilo ametukomoa. Kesho yake mimi nikaviona. Vyote saba, vizima, vinafanya kazi. Nikanyamaza.

Ulipopigiwa simu ukaapa kwamba hujagusa chochote, nilikuwa nimesimama karibu na mzee, sauti yako naisikia. Nikanyamaza tena. Halafu nikatengeneza vitufe vyangu, nikavifunga kwenye amri zako zilezile, nikatangaza kwamba nimeandika kazi yote upya. Sikuandika hata mstari mmoja. Nilikitaka kiti chako, Lusubilo. Hakuna sababu nyingine, nimeitafuta sana.

Mzee hakufoka. Aliuliza tu, "Kwa hiyo nilimfukuza mtu kwa kitu kilichokuwa humuhumu ndani?" Nikasema ndiyo. Amesema atakupigia mwenyewe, ila kwanza mimi nimalize langu.

Nami nalimaliza. Jumamosi nakuja. Nitashuka Mlowo nichukue bodaboda mpaka Igamba, kompyuta mgongoni, nimfungulie baba mkwe wako lile faili avione vitufe kwa macho yake, nimweleze mharibifu alikuwa nani. Msamaha sitauomba siku hiyo, una haki ya kukaa nao. Ukinifungia mlango nitasemea nje, na sauti yangu unaijua, majirani wote watasikia.

Nisalimie shemeji Ruti, kama ataipokea salamu yangu. Mama Atu anawasalimu kwa moyo wake wote. Naye nilimweleza jana, na hajanisemesha tangu hapo.

Ni mimi niliyekukosea,
Osea