Chama cha Wenyeji na Soksi Moja

Mühlebach, Jumanne, 14 Oktoba 1986

Kwa Dada Rosmarie mpenzi,

Pokea salamu za hapa nyumbani. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na goti lako halikusumbui tena kwenye ngazi za huko Basel. Sisi hatujambo. Mama anakula vizuri, ingawa jana alimwambia daktari akapanguse viatu kwanza ndipo amguse. Theluji imeshashuka mpaka kwenye malisho ya juu.

La kwanza ni kwamba Chama cha Wenyeji kimekufa. Ijumaa tulikutana mkahawani watu wanne, na mmoja alikuja kwa ajili ya supu tu. Bwana Hefti, mwenyekiti wetu tangu siku ya kwanza, alisema hakuna haja ya kupiga kura, tukunje bendera twende zetu. Nikaikunja. Nilidhani nitalia au nitacheka, lakini nilichowaza ni kama nilizima jiko nyumbani.

Unakumbuka kilivyoanza. Waitalia walijaa kwenye kiwanda cha nyuzi, na Hefti akawa anasimama dukani kwake katikati ya misumari na majembe, akiwauliza wateja wajukuu wao wataongea lugha gani. Mwaka 1971, wanawake tulipopata haki ya kupiga kura, alitukaribisha mikutanoni. Tulipewa kazi ya kumimina kahawa. Nikifungua mdomo, wanaume waliniambia, "Annelies, maziwa yameisha huku." Mwishoni mwa mwaka ule tulipata viti vitatu katika baraza la mji. Kisha viwanda vikafungwa, Waitalia wakarudi kwao bila kufukuzwa na mtu, na chama kikakosa wa kumkasirikia. Tukaanza kukasirikiana wenyewe kwa wenyewe.

La pili. Alhamisi alikuja binti mmoja na boksi la keki. Sikumtambua mpaka aliposema yeye ni Nunzia, mtoto wa Assunta na Donato, wale Waitalia waliokaa ghorofa ya juu yetu. Yule uliyempelekea mkate na siagi wazazi wakiwa kazini, ukamfundisha kutembea bila viatu ili asisikike, kwa kuwa vibali vyao vya kazi vya miezi tisa havikuruhusu kuja na mtoto. Alikuwa na miaka mitano. Sasa ana ishirini, ni mrefu, na anacheka kwa sauti.

Aliuliza uko wapi. Mama yake alifariki baada ya Pasaka, na kabla ya hapo alimwagiza akutafute akuambie kwamba amekusamehe. Assunta aliamini wewe ndiye pekee uliyejua siri ya mtoto. Ndiyo maana siku ile maofisa wa uhamiaji walipomtoa Nunzia kabatini alimofichwa, alikutemea mate miguuni pale ngazini, majirani wote wakiona. Hukujitetea, wala hukunitaja. Baada ya miezi mitatu ukahamia Basel, na hujarudi hata kwa Krismasi.

Sijui kama ulinikisia. Kama ulinikisia, hukukosea. Jumamosi ilikuwa zamu yao ya kufua kwenye mashine ya jengo, Jumatatu yetu, na Jumatatu moja nilikuta soksi ya mtoto ndani ya mashine. Nilikuuliza, ukaniambia yote, ukaniapisha. Wiki hiyohiyo Hefti aliuliza mkutanoni nani ana mfano wa Waitalia wanaovunja sheria hapahapa mjini. Niliweka birika chini nikasema kuna mtoto juu yetu. Wote wakanigeukia. Hakuna aliyetaja maziwa. Ni mimi, dada. Mwezi uliofuata nikafanywa katibu.

Naona aibu, lakini ni aibu iliyokwisha kufa ganzi, na nisingependa uidhanie kuwa ni kubwa kuliko ilivyo. Nilikusudia kumwambia Nunzia. Badala yake nilimkatia keki aliyoileta mwenyewe, nikamwandikia anwani yako nyuma ya karatasi ya chama, kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu. Jumapili hii, saa nane mchana, atagonga mlangoni kwako kukusamehe. Naiposti barua hii leo ili ifike kabla yake. Ukimwambia ukweli au usipomwambia, sitakulaumu.

Soksi nilikuwa nayo miaka yote. Nimeitia humu ndani ya bahasha. Mrudishie.

Mama anakusalimu sana. Kila asubuhi anauliza kama leo ndiyo unakuja, nami humwambia bado.

Ni mimi mdogo wako,
Annelies