Dawa Aliyokunywa Assia

Nyakabiga, Bujumbura
Tarehe 28 Juni 2025

Mpendwa kaka Tajudini,

Assalam aleikum. Kifua chako kimepona, au baridi ya huko Liège bado inakuonea? Mke wako Fatouma hajambo? Sisi tunapumua, alhamdulillahi, ila moyo wangu haujatulia.

Unajua mdogo wetu Assia alitolewa saratani shingoni. Mwanzo wa mwezi huu alinyweshwa iodini yenye mionzi kule Nairobi, iue mabaki ya ugonjwa. Daktari akamkataza kumbeba mwanawe Khadidja, wala kulala naye, hadi dawa ipungue mwilini.

Aliporudi hapa nyumbani, Mama alidhani dawa ile itakaa shingoni milele. Nikamwita jirani yetu Laure, anayefundisha kemia.

“Apana, Mama,” akasema. “Kila atomu ya iodini inafanya kazi yake mara moja tu. Katikati yake nyutroni inageuka protoni, na papo hapo inazaliwa elektroni inayorushwa nje kwa nguvu. Hiyo ndiyo inachoma ugonjwa. Si moja ya zile zinazozunguka nje.”

Nikamuuliza, basi zile za nje zinabaki vilevile?

“Zinavutwa karibu zaidi, maana katikati chaji imeongezeka. Atomu inapungukiwa elektroni moja, inaichukua kwa jirani, kisha inatulia. Sasa si iodini tena, ni zenoni, gesi isiyoshikamana na kitu. Inatoka na pumzi.”

Lakini alisema iko miale mingine inayotoka pamoja na elektroni ile na kupenya ngozi. Hiyo ndiyo ya kumwogopea mtoto.

Kaka, Alhamisi ya wiki iliyopita niliacha mchele jikoni nikaingia chumbani. Khadidja amelala kifuani mwa Assia, wote wawili usingizini! Nilimnyakua kama namtoa motoni. Assia akalia, “Dada, nimemuua mwanangu?”

Tulipiga simu Nairobi. Daktari akasema dawa nyingi imeshakwisha, mara moja hiyo haitamdhuru, ila tusirudie. Nimeamini, lakini kila asubuhi bado namshika mtoto shingo kutafuta uvimbe. Na majibu ya kipimo cha Assia, cha kuona kama saratani imekwisha, hayajaja.

Jana katazo liliisha. Assia akakaa mkekani, akafungua mikono, akamwita mwanawe. Mtoto hakusogea. Alinitazama mimi, akauliza polepole, “Mama mukubwa, mi naweza enda?”

Nikamsukuma tu mgongoni.

Mama anakusalimu sana, na Chabani, mume wa Assia, anaomba dua zenu. Msalimie Fatouma na watoto. Mwenyezi Mungu akufunike kwa afya huko ugenini.

Dada yako akupendaye,
Houda