Bomba la majitaka ukutani

Sumbawanga, Jumanne

Na mnunuzi akaondoka. Binti yangu Vero ameanza udalali wa nyumba, na hii yetu ya ghorofa ingekuwa ya kwanza kwake kuuza. Mtu alivuta maji ya choo cha juu, ukuta wa sebuleni ukanguruma, mteja akaaga.

"Mama, baba si alitaka bomba la chuma, lisilo na kelele?"

Alitaka, tulipokuwa tukijenga. Alikuwa fundi bomba, alijua. Mimi nikasema chuma ni ufahari wa wakubwa, plastiki inatosha. Nilimhutubia wiki nzima kama niko mkutanoni, mpaka akakubali ili apumzike.

"Wewe mama hushindwi," Vero akasema, macho yamemjaa machozi.

Marehemu hakuwahi kunishinda hata mara moja. Leo ningemwambia: hapa umenishinda.